Jina ni la Wote, Ufunguo ni Wako

Katika mji wa Dodoma, na hata katika miji midogo ya Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Manyoni, si ajabu siku hizi kuwakuta vijana wameketi kivulini, kila mmoja ameinamia simu yake, nao wote wamo katika mchezo mmoja. Mwenzao wa nne yuko Mwanza, na wale wanaoshindana nao hawajapata kuonana nao hata siku moja. Wazee wengi huutazama mchezo huo kuwa ni kupoteza wakati, na pengine wasemalo lina ukweli ndani yake. Walakini somo letu la leo haliulizi kama mchezo ni mwema au ni mbaya. Lahusu jambo linaloutangulia mchezo wenyewe, jambo ambalo vijana hulitenda kwa dakika mbili bila kufikiri, na ambalo wazazi wengi hawalijui kabisa: kufungua akaunti, kujichagulia jina, na kuilinda akaunti hiyo isiibiwe. Tuseme pia mapema kwamba hatuzungumzi juu ya michezo ya kubahatisha, ambayo sheria ya Tanzania yawakataza wote walio chini ya miaka 18.

Huenda msomaji akauliza: mchezo ukiibiwa, kumepotea nini? Jibu ni hili. Namba ya simu iliyotumiwa kuufungua mchezo mara nyingi ndiyo namba ya baba, nayo ndiyo inayotunza fedha za zabibu au za alizeti. Anwani ya barua pepe iliyoandikwa siku ile ndiyo itakayotumiwa kesho kuombea nafasi ya chuo. Na neno la siri lililochaguliwa kwa haraka ndilo lile lile la mahali pengine pote. Mwizi akiingia kwa mlango wa mchezo, hana sababu ya kuishia hapo.

AKAUNTI NI KITU GANI

Akaunti ni ukurasa wako katika daftari la mwenye mchezo. Daftari hilo limo ndani ya mitambo ya kampuni, mara nyingi katika nchi ya mbali. Katika ukurasa huo yameandikwa jina lako, daraja ulilofikia, vitu ulivyovinunua, na pengine siku yako ya kuzaliwa na namba ya simu. Kampuni haikujui kwa uso wala kwa sauti. Yakutambua kwa ushahidi unaouleta, na mtu mwingine yeyote akiuleta ushahidi ule ule, kwake huyo ndiye wewe. Anayeelewa jambo hili moja ameelewa nusu ya somo zima.

Wenyeji wa nyanda za kati wanaikumbuka tembe ya Kigogo: vyumba virefu vyenye paa bapa la udongo vimeuzunguka ua, na ng'ombe hulala ndani ya ua huo. Mwizi wa mifugo hakujisumbua kupima unene wa kuta, aliutafuta mlango. Akaunti nayo ina milango mitatu. Wa kwanza ni neno la siri. Wa pili ni barua pepe, kwa kuwa yeyote asemaye “nimesahau neno langu la siri” hupelekewa jipya kwa njia hiyo. Wa tatu ni laini ya simu, ambayo hupokea tarakimu za kuthibitisha. Haifai kitu kuutia kufuli mlango mmoja na kuiacha miwili wazi.

KUCHAGUA JINA

Jina la mchezo ni kitu cha hadharani. Laonekana na marafiki, na wageni, na watoto, na watu wazima wenye nia mbaya. Kwa sababu hiyo jina zuri ni lile lisilosema habari za mwenyewe. Kijana akijiita kwa jina lake la ubatizo, akaongeza jina la shule yake na mwaka wake wa kuzaliwa, amempa mgeni mambo matatu ambayo mgeni hakuwa nayo. Mwaka wa kuzaliwa hasa ni hazina kwa walaghai, maana watu wengi huutumia kuwa pini ya fedha.

Afadhali mtu achukue maneno mawili yasiyo na uhusiano naye, ayaunganishe, akaongeze tarakimu zisizo na maana kwake. Mnyama, chombo cha nyumbani, jina la mlima wa mbali: vyote vyafaa. Afikiri pia kabla ya kulithibitisha, kwa kuwa katika michezo mingi jina moja ni la mtu mmoja tu, na kulibadili baadaye huenda kukadai malipo. Ajiepushe na matusi na dharau ya kabila au dini, maana kampuni huweza kuifunga akaunti ya namna hiyo. Wala asijiite kwa jina la mtu mashuhuri au la kampuni yenyewe, kwa sababu hiyo ndiyo desturi ya matapeli.

Jina, basi, ni la wote. Mtu asijitaabishe kulificha. Ajitaabishe kuuficha ufunguo.

NENO LA SIRI

Neno la siri katika mashine za kompyuta si jambo la jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika chuo cha MIT huko Marekani, kompyuta moja kubwa ilitumiwa na watu wengi kwa zamu, na kila mmoja alipewa neno lake ili afikie kazi zake mwenyewe. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa chuo hicho, Allan Scherr, alitaka kuongezewa muda wa kuitumia mashine; akaiagiza ichapishe orodha yote ya maneno ya siri, nayo ikatii. Hakuvunja kitasa chochote. Alipita mahali ambapo waliotunga kanuni hawakupatazama. Tangu siku zile mpaka leo wizi wa namna hii haujabadilika sana tabia yake.

Mwezi Desemba 2009 kampuni ya RockYou ya Marekani, iliyotengeneza michezo na programu ndogo za mitandao ya jamii, iliibiwa maneno ya siri yapatayo milioni 32, nayo yalikuwa yametunzwa bila kufumbwa hata kidogo. Wataalamu walipoyachambua waliona kwamba neno lililopendwa kuliko yote lilikuwa 123456. Watu zaidi ya 290,000 walilitumia. Orodha ile imeenea duniani kote, na wezi huanza majaribio yao kwa maneno kama hayo. Mtu anayedhani amebuni neno la ajabu kwa kufuata mstari wa tarakimu, au kwa kuandika jina la timu yake ya mpira, ajue kwamba ametanguliwa na maelfu.

Tufanye hesabu kidogo. Pini ya tarakimu nne yaweza kuwa moja kati ya 10,000. Lakini kama mwizi anajua kwamba wewe ni mtu wa kutumia mwaka wa kuzaliwa, hana haja ya kujaribu zote. Miaka 100 yamtosha. Neno la herufi nane ndogo, zilizookotwa bila mpango, ni moja kati ya bilioni 208 na zaidi. Ukiongeza herufi nne tu, zikawa 12, kazi ya mwizi yaongezeka mara 456,976. Twaona basi kwamba urefu wa neno una nguvu kuliko mapambo. Ile desturi ya kuweka herufi kubwa mwanzoni na alama ya mshangao mwishoni wezi wameijua zamani.

Njia nyepesi ni kuchukua maneno manne au matano yasiyoandamana kwa kawaida, na kuyaunganisha. Sisi wa bara tuna bahati: twaweza kuchanganya neno la Kiswahili, la Kigogo, la Kirangi na la Kihehe katika neno moja la siri. Lakini mtu asichukue methali, wala mstari wa wimbo, wala mfano wowote aliousoma gazetini, maana kilichokwisha kuchapishwa si siri tena.

Kila akaunti iwe na neno lake. Kanuni hii yaonekana nzito, lakini sababu yake ni dhahiri. Mwezi Aprili 2011 wezi waliingia katika mtandao wa michezo wa PlayStation wa kampuni ya Sony, wakafikia habari za akaunti zipatazo milioni 77. Huduma ikasimama kwa siku 23. Mwaka 2019 kampuni ya Zynga, nayo ni ya michezo, ilipotewa na habari za akaunti zaidi ya milioni 170. Katika mambo hayo mchezaji hakuwa na kosa lolote. Lakini yule aliyekuwa ametumia neno moja kwa mchezo, kwa barua pepe na kwa mambo mengine alipata hasara kubwa kupita wengine, kwa kuwa wezi huuchukua ufunguo uliopatikana mahali pamoja na kuujaribu katika kila mlango. Aliyetofautisha maneno yake alipoteza mlango mmoja tu.

Asiyeweza kuyakumbuka maneno mengi aweza kutumia programu ya kutunzia maneno ya siri. Asiye nayo ayaandike katika daftari dogo, alifungie sandukuni nyumbani. Mwizi wa mtandao aliye ng'ambo hawezi kulifungua sanduku lililopo Nkuhungu au Mvumi. Ayaandike karatasini, wala asiyaache katika ujumbe wa simu.

HATUA YA PILI

Kampuni nyingi humpa mchezaji nafasi ya kudai ushahidi wa pili baada ya neno la siri. Huo huwa ni tarakimu chache zinazoletwa kwa ujumbe wa simu, au zinazotolewa na programu maalumu ndani ya simu yenyewe na kubadilika kila baada ya nusu dakika. Njia ya programu ni imara zaidi, maana haitegemei laini. Hata hivyo njia ya ujumbe ni bora mara nyingi kuliko kukosa kabisa. Siku ya kuiweka hatua hii, mara nyingi kampuni hutoa pia tarakimu za akiba za kutumia simu ikipotea. Vijana huzipuuza. Yafaa kuziandika katika lile daftari la sandukuni, kwa sababu siku simu itakapoibiwa katika basi hazitapatikana mahali pengine.

LAINI NA BARUA PEPE

Hapa ndipo penye udhaifu mkubwa kwetu. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini za simu nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na muda wa mwisho uliongezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Kusudi lilikuwa kila laini iwe na mwenyewe anayejulikana. Lakini wako vijana wanaotumia laini iliyosajiliwa kwa jina la shangazi, la rafiki, au la mtu wasiyemjua. Mtu wa namna hiyo akipoteza simu hawezi kuirudisha laini yake, kwa kuwa mbele ya sheria si yake. Na akaunti zote zilizofungwa kwa laini hiyo zaondoka pamoja nayo. Kila mwenye kitambulisho aweza kupiga *106# ili azione laini zilizosajiliwa kwa jina lake, na akikuta asiyoitambua, aende kwa mtandao unaohusika akaikane.

Tena iko desturi ya kubadili laini kila panapotokea bando la bei nafuu. Wanafunzi wa vyuo vya Dodoma, wanaotoka mikoa yote ya nchi, wanaijua sana. Laini iliyoachwa muda mrefu bila kutumiwa yaweza kufungwa, na namba yake akapewa mtu mwingine. Siku mtu huyo mpya atakapopokea tarakimu za kuthibitisha zilizokuwa zako, mlango wa tatu umekwisha kufunguka, wala hakuna aliyeuvunja. Basi kabla ya kuitupa laini, ondoa namba yake katika kila akaunti.

Michezo mingine, kama Free Fire ya kampuni ya Garena ya Singapore, humruhusu mchezaji kuanza kama mgeni, bila jina wala neno la siri. Vijana huipenda njia hiyo kwa wepesi wake. Lakini akaunti ya mgeni hutegemea simu ile ile. Simu ikiharibika, au programu ikifutwa, kazi ya miezi mingi yaweza kupotea. Kwa hiyo yafaa kuiunganisha mapema na akaunti ya Google au nyingine inayokubaliwa. Na hapo akumbuke kwamba mlinzi wa mchezo sasa ni hiyo akaunti ya Google: ikiwa dhaifu, mchezo nao ni dhaifu.

Kwa watoto, wazazi wasiwaache wakadanganya umri wao. Kwetu mtoto wa chini ya miaka 13 hapaswi kujifungulia akaunti ya Google peke yake. Mzazi aweza kumfungulia kwa programu iitwayo Family Link, akaona anachopakua na muda anaocheza. Mtoto aliyejiandika kuwa na miaka 25 amejinyima ulinzi uliowekwa kwa ajili yake, na siku akaunti ikipotea hataweza kutoa ushahidi kwamba ni yake.

ANAYEOMBA UFUNGUO KWA UPOLE

Tumesema juu ya kuta na milango. Lakini ukweli ni kwamba walio wengi hawavunjiwi, hufungua wenyewe. Kila mtu nchini anaujua ule ujumbe usemao kwamba ile fedha itumwe kwa namba hii. Ndugu yake ujumbe huo ameingia katika michezo. Humwambia kijana kwamba atapewa almasi za mchezo bila malipo, mradi aingie katika ukurasa fulani na kuandika jina lake na neno lake la siri. Ukurasa huo umefanana na ule wa kweli kama pacha. Mwingine hujidai kuwa mfanyakazi wa kampuni, akaomba tarakimu sita “zilizotumwa kwako kwa makosa”. Mwingine huja katika sura ya rafiki, kwa sababu akaunti ya rafiki imekwisha kuibiwa.

Kanuni ni moja, nayo haina udhuru: tarakimu za kuthibitisha hazisomwi kwa mtu yeyote. Anayezihitaji ni mashine unayoingia wewe mwenyewe, saa ile ile uliyoziomba. Kama hukuziomba, basi kuna mtu mlangoni. Hata wakala wa fedha, hata mjomba, hata mwalimu, hana haja nazo. Jumbe za ulaghai zipelekwe kwa namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo.

Biashara ya kuuziana akaunti nayo ni mtego. Muuzaji hupokea fedha, kisha baada ya siku chache huirudisha akaunti kwake kwa barua pepe ya kwanza aliyoifungulia. Mnunuzi hana pa kushitaki, kwa kuwa kampuni nyingi zimekataza biashara yenyewe.

Jambo la mwisho ni vibanda vya gemu, ambapo mashine moja hukodishwa na watu wengi kwa siku. Anayeingia kwa akaunti yake pale na kuondoka bila kutoka kwayo amemwachia ufunguo anayemfuata. Mashine ikimuuliza kama ihifadhi neno la siri, akatae.

IKIWA IMEKWISHA KUIBIWA

Utaratibu wa kuokoa una mpangilio wake. Kwanza iokolewe barua pepe: libadilishwe neno la siri, vifaa vingine vyote vitolewe nje, na itazamwe kama mwizi ameandika namba yake mwenyewe kuwa ya kurudishia. Asiyeanza hapo hutwanga maji kinuni, maana mwizi atarudi kwa mlango ule ule. Pili, mwenye mchezo aandikiwe kwa njia iliyomo ndani ya programu, naye apewe namba ya akaunti, siku ilipofunguliwa, na risiti za manunuzi kama zipo. Tatu, marafiki waonywe wasipokee maombi ya fedha kutoka kwa jina hilo. Nne, fedha za simu zikiguswa, mtandao upigiwe simu saa ile ile ili kuizuia laini, na taarifa ipelekwe polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu kuingia katika mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa ni kosa la jinai; na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yawabana pia wale wanaotunza habari zetu. Jumbe za mwizi zisifutwe, ndizo ushahidi.

WAJIBU WA NYUMBANI

Wazazi wapendwa, hapana haja ya kuujua mchezo ili kumlinda mchezaji. Yatosha kuuliza maswali manne: Akaunti hii imefungwa kwa laini ya nani? Barua pepe yake ni ipi? Neno lake la siri linatumika mahali pengine? Na fedha za kununulia vitu zinatoka wapi? Kijana asiyeweza kuyajibu bado hajafungua akaunti. Ameokota tu ufunguo njiani. Aulizwe bila hasira, kwa sababu mtoto anayeogopa fimbo huuficha wizi mpaka fedha za nyumba zimekwisha.

Nanyi vijana, mnaowashinda wakubwa wenu kwa wepesi wa vidole, wafundisheni. Babu anayeisoma pini yake kwa sauti mbele ya kibanda cha wakala anahitaji somo hili kuliko ninyi. Leo jioni, kabla ya kucheza, chukueni nusu saa: barua pepe kwanza, kisha laini, kisha mchezo. Ng'ombe huhesabiwa na kufungiwa kabla ya giza kuingia, na anayengoja mpaka asubuhi aweza kulikuta zizi tupu.